Kulima mishiri Mwea: jua nani atachuma kabla hujanunua mbegu

Wengi wanaonijia kuuliza kuhusu mishiri, yaani maharagwe mabichi yanayoliwa na maganda yake, huanza na mbegu. Ipi inazaa sana, Amy au Samantha? Kilo ni pesa ngapi? Nami huwarudishia swali: siku ya 45 baada ya kupanda utakuwa na watu wangapi shambani, na gari la nani litakuja kuchukua mzigo? Asiyekuwa na jibu namshauri apande mahindi. Mahindi yatakungoja hata ukienda matanga ya wiki mbili. Mishiri ukiikosa siku tatu wakati wa jua kali, unakuta maganda yamenenepa, mbegu zimevimba ndani, na mnunuzi wa kampuni hataki hata kuyashika.

Mimi hulima haya maharagwe mabichi upande wa Kimbimbi, hapa Mwea katika kaunti ya Kirinyaga, Kenya, kwenye udongo mwekundu ulio juu kidogo ya mashamba ya mpunga. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye banda la kampuni moja ya kuuza mboga ng'ambo, kazi yangu kupanga madaraja: hili linapita, hili rijekti. Ndiyo maana jambo hili naanzia mwisho, kisha narudi mwanzo. Kila kitu unachofanya shambani, kuanzia mstari wa kwanza wa jembe, kinaamuliwa na yale yatakayofanyika kwenye ile meza ya kupangia madaraja.

Hesabu ya mikono

Nusu ekari iliyotunzwa vizuri hutoa kama tani moja na robo hadi tani mbili kwa msimu mzima. Mzigo huo hauji mara moja. Unachuma kila baada ya siku mbili hivi kwa muda wa mwezi, wakati mwingine zaidi kidogo. Machumo ya kwanza huwa haba, wiki ya pili na ya tatu shamba linafurika na unaweza kutoa kilo 200 asubuhi moja, kisha linapungua. Mchumaji mwenye mkono mwepesi atakupa kilo 20 na kitu za maganda membamba kabla jua halijawa kali. Mgeni wa kazi hafikishi nusu yake. Kwa hivyo wiki za kufurika unahitaji watu wanane au tisa, na uwe unawajua kwa majina, si wa kuokota barabarani asubuhi ile.

Hapa kwetu kuna mtego ambao vitabu vya kilimo havisemi. Bei nzuri ya mishiri ni kati ya Oktoba na Mei, wakati Ulaya kuna baridi na mashamba yao ya nje hayazai. Na Novemba na Desemba ndio Mwea inavuna mpunga. Ingawa siku hizi mashine za kuvuna zimejaa, bado mpunga unataka watu wa kuanika, kupepeta na kubeba magunia, na unawalipa vizuri. Wiki ile ile shamba lako limefurika, vibarua wamehamia kwenye mpunga. Ninachofanya ni kupanda robo ekari, kisha baada ya wiki mbili robo nyingine. Robo ya kwanza ikianza kupungua, ya pili inapanda. Watu watano wananitosha msimu wote, nao wanapenda kwa sababu kazi ni ya uhakika kwa mwezi na nusu hivi, si ya kubahatisha. Malipo ni kwa kilo, na mizani iwekwe mahali ambapo kila mchumaji anaisoma mwenyewe. Ukiwaibia gramu, utachuma peke yako wiki inayofuata.

Nani ananunua

Kuna kampuni, kuna broka, na kuna soko la hapa. Kampuni hukupa mbegu kwa mkopo, hukupangia tarehe ya kupanda, na hukutumia afisa wa shambani. Kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu: bei ya kila daraja, rijekti ni za nani, na gari linapita saa ngapi. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Gari likija saa kumi jioni na wewe ulichuma saa tatu asubuhi, ni wewe utakayebeba hasara ya uzani uliopotea kwa kunyauka. Broka hulipa taslimu, lakini bei aliyokutajia asubuhi si lazima iwe bei ya adhuhuri. Soko la Kagio, au la Kutus, au Wakulima kule Nairobi halina masharti mengi: mama mboga anataka ganda laini linalokatika kwa mlio, unene si hoja sana.

Masharti ya unene ni haya. Daraja la kwanza ni ganda lisilozidi milimita 6, la pili ni kati ya milimita 6 na 9, na yote yawe na urefu wa angalau sentimita 10, yamenyooka, hayana doa wala kovu. Kwenye banda tulikuwa na kipande cha plastiki chenye matundu, unapitisha ganda. Shambani mwambie mchumaji aangalie penseli ya mtoto wa shule: hiyo ina milimita 7 hivi, kwa hivyo daraja la kwanza ni jembamba kuliko penseli.

Na kampuni itakudai daftari la dawa. Si usumbufu wa bure. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mzigo 1 katika kila 10 ya mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu ya masalio ya dawa, hasa dimethoeti. Mzigo ukikutwa na dawa iliyozidi, hateseki mkulima mmoja tu. Kampuni inafunga njia ya eneo zima, na wakulima wadogo ndio wa kwanza kuachwa. Andika jina la dawa, kipimo, tarehe, na nani alipuliza. Kalamu na daftari la shilingi chache.

Shamba

Mishiri inapenda joto la nyuzi 16 hadi 25. Ikipita 30 wakati wa maua, maua yanapukutika, na yale yanayobaki yanatoa maganda mafupi yaliyopinda. Mwea iko kwenye mita kama 1,150 juu ya bahari, na Februari na Machi joto hapa si mchezo, kwa hivyo zao ninalolenga lichanue miezi hiyo nalipanda kwa tahadhari, na maji hayakosi. Juu huko kuelekea mashamba ya chai tatizo ni kinyume: Juni hadi Agosti kuna mawingu na manyunyu, zao la siku 45 linafika 55 au 60, na ugonjwa wa kutu unashambulia majani. Aliye Pwani, au mahali popote pa tambarare penye joto mwaka mzima, nitamwambia ukweli: achana na mishiri, panda kunde ndefu za kutambaa. Zinaliwa kwa namna hiyo hiyo na joto lile ni lao.

Udongo uwe unapitisha maji. Ule udongo mweusi wa mpunga unaoshika gumboti usijaribu, mizizi inaoza kabla mmea haujafika goti. Uchachu wa udongo (pH) uwe kati ya 6 na 7. Angalia pia kilichokuwa shambani kabla: usipande mishiri baada ya maharagwe yoyote, wala baada ya nyanya, kwa sababu nyanya huacha minyoo fundo kwenye udongo na mishiri ni chakula chake. Baada ya mahindi au vitunguu ni sawa. Ng'oa mmea wa zao lililopita utazame mizizi. Ukiona vinundu ambavyo huwezi kuvibandua kwa ukucha, ni minyoo. Vile vinundu vidogo vya duara vinavyobanduka kwa urahisi kwenye mizizi ya maharagwe ni vizuri, ndivyo vinavyonasa naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea.

Lima mapema, sentimita 20 kwenda chini, tia samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huvuta wadudu na kuunguza.

Kupanda

Aina ninazozijua vizuri ni Amy, Samantha, Teresa na Serengeti. Zote ni za kichaka, hazihitaji miti. Uamuzi si wako hasa kama una mkataba. Kampuni inajua mnunuzi wake anataka ganda gani. Mbegu ya kampuni huja imepakwa dawa ya rangi, nyekundu au ya kijani. Hiyo haipikwi, haipewi kuku, na wanaopanda wavae glavu. Kuhifadhi mbegu kutoka shamba lako naona ni kujitafutia magonjwa: bakajani na chule husafiri ndani ya mbegu.

Ekari moja inakula kilo 25 hivi. Mimi hupanda mistari miwili miwili: sentimita 30 kati ya mstari na mwenzake, kisha naacha 60 ya kupita mtu na mfereji, halafu mistari miwili mingine. Ndani ya mstari, mbegu moja kila sentimita 10. Kuna majirani wanaobana zaidi ili wapate mashina mengi, na kweli mashina ni mengi, lakini hewa haipiti, umande haukauki mpaka saa nne, na mchumaji hana pa kuweka mguu. Ile 60 si ardhi iliyopotea, ni njia ya kazi ya mwezi mzima.

Chora mfereji mdogo, mwaga mbolea ya DAP, kilo 40 kwa nusu ekari, kisha ifunike kwa udongo kabla ya kuweka mbegu. Mbegu ikilala juu ya DAP inaungua na utaona mapengo mstari mzima. Kina cha mbegu ni sentimita 2 au 3, basi. Mwagilia shamba siku moja kabla ya kupanda, upande kwenye unyevu, halafu usimwage maji tena mpaka zichomoze, isipokuwa jua liwe kali kupita kiasi. Maji mengi siku za kwanza yanaozesha mbegu na kuacha gamba gumu juu ambalo mche hauwezi kulitoboa. Siku ya 5 hadi ya 7 zinachomoza. Jaza mapengo papo hapo au uyaache kabisa. Ukijaza baada ya wiki utakuwa na mimea ya rika mbili katika mstari mmoja.

Palilia wiki ya pili. Palilia tena kabla ya maua na upandishe udongo kwenye mashina. Maua yakishatoka weka jembe chini, magugu yaliyobaki ng'oa kwa mkono, maana mizizi iko juu juu. Mbolea ya CAN naweka mara mbili, kilo 20 kwa nusu ekari kila mara: ya kwanza majani halisi yakiwa mawili au matatu, ya pili maua yanapoanza. Ukizidisha unapata shamba la kijani kibichi la kupigia picha, na maganda hakuna.

Maji

Kanuni yangu ni milimita 35 kwa wiki wakati wa uchanga, na 50 kwa wiki kuanzia siku kumi hivi baada ya kuchomoza mpaka maganda yanapokwisha. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000, kwa hivyo 35 ni lita 70,000 kwa wiki, na 50 ni lita 100,000. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua pampu, na uulize majirani mfereji unakuwaje mwezi wa Februari. Sisi tunategemea maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, na tangu bwawa la Thiba likamilike mwaka 2022 watu wamepumua kidogo, ila zamu bado ni zamu.

Kiu ya siku mbili wakati wa maua unaiona wiki moja baadaye: maganda yamejikunja kama kulabu, na hayo yote ni rijekti. Mfereji au mabomba ya matone ni bora kuliko maji ya kurushwa juu kama mvua. Kama huna njia ila kurusha, rusha alfajiri. Majani yakilala na maji usiku, kutu inaingia.

Wadudu, na kwa nini dawa ina tarehe

Adui wa wiki tatu za kwanza ni nzi wa maharagwe. Humwoni akifanya kazi. Unaona mche mmoja umekuwa wa manjano ilhali wenzake wa kijani, ukiugusa unainama. Ung'oe. Tazama pale shina linapokutana na udongo: limevimba na kupasuka kwa urefu. Pasua ngozi ya shina kwa ukucha na utakuta vitu vidogo vya kahawia, vimejipanga chini ya ganda la shina. Hao ndio, wamekwisha kula wanangoja kuwa nzi. Mche huo uchome moto, usiutupe ukingoni. Mbegu iliyopakwa dawa inazuia wengi, na kule kupandisha udongo niliotaja kunasaidia kwa sababu mmea ulioumia huotesha mizizi mipya juu ya jeraha.

Maua yakija, thripsi wanaingia. Chuma ua, lipige juu ya karatasi nyeupe, uangalie kama kuna vijidudu vyembamba vinavyokimbia. Vikiwa vingi, maganda yatatoka na mikwaruzo ya rangi ya shaba na banda litayatupa hata kama ladha haijabadilika. Nzi weupe hukaa chini ya jani. Tikisa mmea utawaona wakiruka. Kutu ni vumbi la rangi ya matofali chini ya jani, linabaki kidoleni ukipangusa.

Sasa hapa ndipo kuanza na mwisho kunalipa. Kila dawa ina muda wa kusubiri kati ya kupuliza na kuchuma, umeandikwa kwenye kibandiko. Dawa ya siku 7 huwezi kuitumia ukiwa unachuma kila baada ya siku mbili, labda ukubali kumwaga mavuno ya wiki nzima. Kwa hivyo vita vyote vikubwa vipiganwe kabla ya ganda la kwanza. Baada ya hapo umebaki na zenye kusubiri siku moja au mbili, mitego ya kunata ya buluu na ya manjano, na kung'oa. Nunua tu dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti dawa za wadudu, kwa zao hili hasa. Kusajiliwa kwa nyanya hakukusaidii. Na mwenye duka akikuambia "hii inaua kila kitu", mwamini, na uondoke.

Kuchuma

Ngoja umande ukauke. Ukitembea kwenye mimea yenye maji unabeba kutu na bakajani kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa suruali yako, na ganda lililochumwa likiwa limelowa hutoka madoa ya kahawia ndani ya kreti. Kwa kawaida tunaanza saa mbili na tunamaliza kabla ya saa tano.

Mkono mmoja unashika tawi, mwingine unakata ganda kwenye kikonyo kwa kidole gumba. Kikonyo kibaki kwenye ganda. Anayevuta kwa mkono mmoja anang'oa maua mawili na kuacha mizizi ikiwa wazi, na ganda linatoka bila kichwa, ambapo ndipo uozo huanzia. Kucha ziwe fupi. Mikono ioshwe kwa sabuni, bila mafuta yenye manukato, kwa sababu maganda hubeba harufu. Mchumaji asishike zaidi ya maganda yanayojaa kiganja kabla ya kuyaweka. Akikumbatia fungu kubwa anayavunja ncha.

Kila ganda lililokomaa lichumwe, hata lile nene lililofichwa na majani jana. Watu huliacha kwa kuwa halina bei. Hilo ganda likiachwa likaze mbegu, mmea unaona umemaliza kazi yake duniani na unaacha kuchanua. Wachumaji wangu wana mifuko miwili kiunoni, wa mauzo na wa manene. Yale manene yanaenda sokoni Kagio yakiwa bado laini, na yaliyokaza tunayaacha yakauke yawe maharagwe ya sufuria, mradi shamba halikupulizwa karibuni.

Yakitoka shambani yaende kivulini mara moja, kwenye kreti, si gunia, na yasioshwe. Mimi nina kibanda cha makaa: kuta mbili za waya, makaa katikati, tunayamwagia maji, upepo ukipita ndani panapoa. Mzigo ukikaa humo mpaka jioni haupotezi ukakamavu. Panga madaraja hapo hapo, ondoa yaliyopinda, yaliyovunjika, yenye mikwaruzo. Ukimpelekea mnunuzi mzigo uliochanganywa atakupangia yeye, na nakuhakikishia, nikiwa mtu niliyeketi kwenye meza ile, mkono wa kampuni hauna huruma na ganda lenye shaka.

Yaliyobaki pika nyumbani. Yakate vipande, kaanga kitunguu na karoti, tia viazi vilivyochemka nusu, funika dakika chache. Yaive, yasiliwe mabichi, yanasumbua tumbo.

Unajua shamba limekwisha uchumaji mmoja ukishindwa kulipa wachumaji wake. Usingoje wiki nyingine kwa tamaa ya kilo kumi. Ng'oa mashina siku hiyo hiyo, kwa sababu yakiachwa yanakuwa kitalu cha thripsi na nzi weupe watakaohamia ile robo ekari ya pili. Kama muda wa dawa umepita, ng'ombe wanayapenda. Kama haujapita, yaende kwenye shimo la mboji. Kisha lima upande mahindi, na mishiri isirudi kwenye kipande hicho mpaka misimu miwili ipite.